Mahari ya Mjomba na Tanuri la Mkate

Nikinusa mafuta ya taa, kabla ya kitu kingine hunijia beberu wetu wa Temeke, aliyeangusha kibatari mchana kweupe akanywa mafuta yote, kisha akashinda anapiga chafya. Mama hakumruhusu kusogea jikoni, akihofia atalipuka. Wala si beberu ninayetaka kumsimulia, ila siwezi kumruka, maana alikuwa wa Mjomba Mbaruku, ndugu wa mama tuliyeishi naye. Mjomba alimuuza kwa hasira, na fedha ile ndiyo aliyoanzia kutafuta mahari.

Mjomba alikuwa muuza kashata. Enzi za Mwingereza senti zilikuwa na tundu katikati, naye alizitunga kwenye uzi mwekundu kama shanga, akalala nazo kiunoni. Akijigeuza usiku, nyumba nzima inaamka. Mchumba wake, Zaina, akamwambia, "We mwanamume, kaziweke benki. Mie siolewi na kengele."

Akaziweka. Yeye aliita amana, na kwetu amana hurudi ileile: ukiweka mkeka wako kwa jirani, hutarajii kurudishiwa jamvi la mtu. Siku ya kupeleka mahari ilipokaribia tukaenda mjini, mie nimebeba sinia la kashata.

"Shikamoo karani," alisema Mjomba, na karani mwenyewe kijana wa bara, hata ndevu hana. "Nimefuata amana yangu."

Karani akamhesabia shilingi mpya, zinang'aa. Mjomba akazisukuma.

"Zangu zina uzi mwekundu."

"Uzi tuliukata siku ileile, mzee. Akiba yako, na fedha za wafanyabiashara wanaoweka leo na kutoa kesho kwa hundi, zote tunazichanganya. Nyingine tunabaki nazo za kuwapa wanaokuja kutoa, nyingine tunazikopesha. Kama yule Mwarabu wa mkate huko kwenu, si kajengea tanuri?"

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Atalipa na faida, nawe utapata kidogo."

"Riba tena! Na hizi hapa ni za nani?"

"Za mtu yeyote."

"Nikioa kwa pesa za mtu yeyote, mke atakuwa wa nani?"

"Atakuwa wa benki!" akadakia mama mmoja nyuma yetu, na foleni nzima ikaangua kicheko. Hapo ndipo walipomharibia; akaziacha shilingi zile dirishani, akatoka.

Tukarudi Temeke kwa miguu, kashata zikinigandia vidoleni, moja kwa moja hadi kwa Mzee Salim, yule Mwarabu. Harufu ya mkate ilitupokea tangu barabarani.

"Nipe senti zangu," alisema Mjomba.

Mzee Salim alipoelewa, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kumbe tajiri wangu ni wewe, Mbaruku! Zimekuwa matofali, ndugu yangu. Haya, zing'oe."

Mjomba akayashika kweli, na tanuri linawaka.

Nilikuja kuelewa baadaye mno, nikiwa na akaunti yangu mwenyewe. Mkate hulipa tanuri, tanuri hulipa benki, na kwa kuwa wenye fedha hawaji wote siku moja, kila mtu hupewa haki yake kwa sarafu za mwenzake. Mahari ilikuwepo pale dirishani, kamili. Ilitaka mkono tu.

Lakini siku ile nilijua nini? Na Zaina keshapaka hina.

"Kamwambie fedha zangu zimeokwa," aliniambia Mjomba. Akashika njia ya Ubungo, akipuliza vidole. Hakurudi tena.