Kompyuta Iliyomkataa Mama

Nilipoajiriwa ustawi wa jamii pale Rujewa, aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja wa Kihehe, mtu mzima, msimamizi wa meza ya watoto, yaani anayepokea watoto wenye shida. Baadaye likaja agizo: kila mwenye meza hiyo akasome kozi ya kompyuta Iringa mjini, na atakayeshindwa mtihani ahamishiwe masjala. Mimi kozi nilishaimaliza, kwa hiyo akishindwa yeye, meza ni yangu. Na mimi huyo huyo ndiye niliyetumwa kumsindikiza.

Iringa ilitutesa kwa baridi. Sisi tuliozoea joto la bonde la Usangu, kule Rujewa, tulivaa masweta mawili mawili, tukigombea magimbi ya moto saa ya chai. Mpaka leo nayatamani magimbi yale kuliko masomo yenyewe.

Siku ya kujisajili alinitajia neno lake la siri. "Andika subila, mwanangu." Nikaandika subira. Masikio yangu yalishazoea Kiswahili chake, hata sikufikiri.

Siku za masomo nilikuwa nikimwandikia mimi. Siku ya mtihani akaingia peke yake, akaandika kama anavyosema. Kompyuta ikamkataa. Akarudia na kurudia, mwisho ikamfungia kabisa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

"Linasema mimi siyo mimi," akaniambia. "Basi, meza chukua wewe."

Meza niliitaka, sitadanganya. Lakini kumwona mama yule akiwaza masjala, mbali na watoto wake, kuliniuma.

"Uliandikaje, mama?"

"Si subila?"

"Ni ra, mama. Siyo la."

"Ndiyo hiyo hiyo. Subila."

Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, akanipiga kofi la mgongo. Nikamwomba mkufunzi amfungulie, nikamwonyesha mama herufi yenyewe kwa kidole.

Alifaulu. Akabaki na watoto wake mpaka alipostaafu na kurudi kwao Iringa, jirani na Tosamaganga. Meza nikaachiwa mimi. Siku hizi kozi haziishi, nazisoma peke yangu kwenye simu, na ninamkumbuka sana.

Juzi aliingia mtoto aliyekuwa akiletwa kwake zamani. Akanitazama, akakitazama kiti.

"Bibi yuko wapi?"

"Alirudi kwao, analima. Niambie mimi."

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi, kumngoja.