Kaka Ndani ya Mashine ya Baba

Mtaani walimwita Mama Diski, ingawa mtoto hakuwa naye. Jina alilipata kwa kazi: katika chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, alifufua kompyuta ambazo wenzake walikwisha kuziuza kama vyuma chakavu. Ukimwuliza faida yake nini, atakwambia usiache mbachao kwa msala upitao, kisha atarudisha bisibisi mdomoni na kuendelea na kazi.

Mteja wake mgumu kuliko wote alikuwa baba yake, mpanga chapa mstaafu. Kila asubuhi baada ya chai, mzee aliwasha kompyuta yake kuukuu akawaandikia majirani barua. Simu za kisasa hakutaka kuziona. Mwanawe wa kiume hakutaka hata kumsikia. Mama yao alipofariki, kaka mtu hakuja kuzika. Alituma barua ya kurasa tatu, imenyooka, haina hata kosa la nukta. Mzee aliisoma mara moja, akaikunja. Miaka tisa sasa.

Mwaka huu kaka alijirekodi video, akamtumia dada yake amwonyeshe baba. Mzee hakugeuza shingo.

"Siku atakapoongea ndani ya mashine yangu, nitamsikiliza."

Alisema hivyo kufunga mjadala, maana mashine ile haikuwahi kuonyesha sinema tangu itoke kiwandani. Lakini binti naye mkaidi, mtoto wa nyoka ni nyoka. "Umesema mwenyewe, baba," alimjibu, akachukua mkoba wake.

Alihangaika wiki nzima. Video ilikuwa ya dakika nne, nzito mara nane kuliko diski nzima ya mashine. Picha akaipunguza hadi ukubwa wa kiberiti, rangi akaziondoa, picha thelathini za kila sekunde akazifanya kumi, sauti akaikwangua ikabaki kama ya redio ya mbali. Bado haikuenea. Nafasi ilitosha dakika tatu tu, na kwa mfumo ule wa zamani mtu aliyenyamaza ana uzito uleule wa anayeongea. Basi akafanya kama mafundi wote: akakata ukimya. Mwanzoni kaka alikaa dakika nzima bila neno, akishikashika ukosi, akifungua kinywa na kukifunga. Nani ana haja na hayo? Akafyeka.

Jumamosi mzee alivaa miwani, akakaa wima. Kaka akatokea, akaomba radhi kwa ufasaha, neno juu ya neno. Kabla hajamaliza, mzee alizima.

"Ni ile barua tena," alisema. "Sasa ina picha."

Mama Diski alirudi chumbani kwake amewachukia wote wawili, baba na kaka. Alifungua video ya awali kwenye kompyuta yake mpya ili aifute yaishe, ikaanza kucheza yenyewe. Safari hii aliitazama ile dakika kama dada, si kama fundi. Kumbe kaka yake, bingwa wa maneno tangu shule, alikuwa ameshindwa kuanza. Akairudisha dakika ile yote, akafyeka maneno badala yake.

"Mara ya mwisho," mzee alimwonya. "Usinichoshe."

Picha ikacheza kwa kukwamakwama. Kaka alishika ukosi. Akafungua kinywa, akakifunga. Akajifuta uso kwa kiganja. Mzee alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Kaka alipoanza kuongea, mzee alinyoosha mkono akazima spika.

"Baba, hujamsikiliza."

"Nimemsikia. Mpigie kwa hiyo simu yako."

Akapiga, akampa. Mzee aliishika kichwa chini miguu juu, binti akaigeuza. Upande wa pili kaka alisema haloo, akasema tena. Mzee alifungua kinywa, sauti haikutoka. Machozi yalikuwa yamefika kwenye masharubu.

"Kaka, subiri," Mama Diski alisema kwa sauti. "Baba yuko hapa. Subiri tu."

Kaka akasubiri.