Mkono wa Kulia

Fundi cherehani wa mji wa Vercelli, Italia, hupima kwa kamba yenye mafundo, na pini huzibana mdomoni hata akizungumza, hivyo maneno yake hutokea pembeni. Ermanno, mchezaji tenisi, alipotaka ashonewe fulana za kuuza kwa jina lake, aliamriwa kwanza avae moja ya majaribio, ainue mkono kama anayepiga mpira, huku fundi ametega sikio kwapani. "Uzi unalia," fundi alisema, akaifumua. Na kwa kuwa mkono wa kulia wa mchezaji ni mnene kuliko wa kushoto, fulana nazo alizipanua upande huo, upana wa kidole. Hata za madukani.

"Mama, wanunuzi mikono yao iko sawa," Ermanno alimlalamikia fundi.

"Basi waende wakacheze."

Miaka tisa baada ya kustaafu, Ermanno alikwenda kupimwa tena, kitambi mbele. Kamba ilizunguka mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na mwenyewe akaona fundo likiangukia palepale kwa mikono yote miwili. Fundi alitema pini kiganjani.

"Wa kulia bado umezidi," alisema, kwa mdomo mzima, akachukua mkasi.