Huyu Hasimami

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala dawa. Bwana Msaidizi, kama tulivyomwita msaidizi wa daktari, mtu wa Mombasa aliyeongoza zahanati yetu ndogo kando ya Mto Tana, mwendo mfupi kutoka Garsen, alinishika mkono, akaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba changu, kisha akaniambia nitafute mahali hapo hapo kwenye mkono wake. "Huo mshipa unaodunda ni ateri," alisema. "Ukiujua huo, mengine utajifunza." Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi ya Mwingereza, nami kijana wa Kipokomo kutoka Ngao, ndani ya kaptula ya kaki iliyonipwaya.

Neno mshipa lilinisumbua. Kiswahili huita mshipa karibu kila kitu kirefu na chembamba kilichomo mwilini, na kwetu ukimwambia mwanamume ana mshipa, atajua unasema mapumbu yake yamevimba, na huenda mkapigana. Ilibidi tutaje majina. Ateri hutoa damu moyoni. Ukuta wake ni mnene na una misuli. Vena huirudisha, ukuta wake ni mwembamba, na zile za miguuni zina vilango vya kuzuia damu isishuke tena. Katikati kuna kapilari, nyembamba kuliko unywele, ambamo mwili hupokea chakula na hewa.

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta hizo. Watu hudhani ni ugonjwa, kumbe bila presha hakuna uhai, na mwili huilinda wenyewe. Ukisimama, damu huvutwa miguuni. Shingoni kuna vihisio vinavyouarifu ubongo papo hapo. Moyo huongeza mbio, ateri ndogo hujibana, damu ikafika kichwani. Figo nazo huzuia maji na chumvi visipotee. Haya yote Bwana Msaidizi alinifundisha mwenyewe, kwa subira, na ndiyo maana hasira yangu kwake haijaisha hadi leo.

Wakati wa mafuriko aliletwa kwa mtumbwi mwanamke aitwaye Hawa. Alikuwa amejifungulia kijijini. Mtoto alikuwa mzima, lakini mama alivuja damu nyingi kabla haijakatika. Tulimpima kwa kipimo cha zebaki, presha haikuwa mbaya. Hata hivyo mikono yake ilikuwa baridi, na mpigo ulikuwa mwembamba na wa mbio. Mwili ulikuwa umejibana kila mahali ili damu kidogo iliyobaki iutoshe moyo na ubongo. Asubuhi alipojaribu kuketi tu, macho yaliingia giza akaanguka tena kitandani.

Siku hiyo hiyo tukaambiwa Bwana DC, Mwingereza mkuu wa wilaya, anakuja kukagua. Amri ilikuwa kila mgonjwa asimame kando ya kitanda chake. Bwana Msaidizi akaniagiza nimsimamishe Hawa, na kama hawezi, nimshikilie.

"Mzee, huyu hasimami," nilimwambia.

"Presha yake nimeipima mwenyewe. Ni nzuri."

"Ni nzuri akilala. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alijua. Nilimwona usoni kwamba alijua, na hilo ndilo lililoniudhi. Akashusha sauti. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Bwana DC akaingia. Wadi nzima ikasimama, hata mzee wa Kiorma mwenye jipu la paja. Nilidhani wa kumzuia ni Bwana Msaidizi peke yake, kumbe Hawa naye ameshaanza kujiinua. Alikuwa mtoto wa watu, amelelewa akalelewa. "Nilale mbele ya mgeni?" alininong'oneza. "Haya yangu nitaiweka wapi?"

Kumshika mke wa mtu mbele ya kadamnasi sikuweza. Shuka alilojifunika lilikuwa limechomekwa chini ya godoro upande wa pili. Nikauvuta ukingo wa upande wangu, nikaukalia kwa uzito wangu wote, akabanwa asiweze kuinuka. Basi wote wamesimama, na mimi dresa, mfunga vidonda tu, nimeketi mbele ya Bwana DC.

"Wewe iko gonjwa?" aliniuliza kwa Kiswahili chake.

"Hapana, Bwana. Mimi ni dresa. Nikisimama, huyu atasimama. Akisimama, ataanguka, na huenda asiinuke tena."

Bwana DC alinitazama, akatoka.

Baadaye Bwana Msaidizi aliniambia niende ofisini kwa Bwana DC, nivue kofia, niombe radhi, na mambo yataisha. Sikwenda. Muda si muda nikahamishiwa Bura, kisha Hola, na huko nikawaona vijana niliowafundisha kushika mpigo wakipandishwa cheo na kunipita. Nimestaafu nikiwa dresa.

Wauguzi wa leo huniambia ukaidi wangu uliniponza, kwamba ningekuwa Msaidizi. Huwauliza: Msaidizi wa nani? Anayetaka kusikia kwamba nimejuta atafute mzee mwingine.

Kabla sijahamishwa, Hawa alilala mpaka mikono yake ikapata joto, tukamlisha maini na mchicha, akaanza kuketi, kisha kutembea. Siku aliyoruhusiwa kurudi kwao, alipita mlangoni kwa miguu yake, mtoto kifuani. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikikunja bendeji. Nikaziweka chini, nikasimama.