Kanuni ya Mwisho ya Mishale

Mkono wangu wa kushoto ulinigomea nikishona ukosi wa shati la shule. Ilikuwa asubuhi, dukani kwangu Bondeni, mjini Nakuru, redio ikiongea peke yake na mteja mmoja amesimama mlangoni akilalamika kwamba nimemchelewesha. Ni kweli nilikuwa nimemchelewesha. Nikaona kitambaa kinakwenda upande. Nikakirudisha, kikaenda tena. Nikaukasirikia ule mkono kama mtu anavyomkasirikia mtoto asiyesikia, na nilipotaka kuutukana, ulimi nao ukakataa. Mteja ndiye aliyepiga kelele.

Kiharusi kidogo, walisema hospitalini. Kidogo kwao. Mimi ni fundi wa cherehani, na mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Kitambaa kisipoongozwa, unashona matambara. Miezi mingi nilikaa nyumbani nikivalishwa na mke wangu. Alinifunga vifungo vya shati bila kunitazama usoni, kwa sababu ananijua: nina hasira za karibu, na sipendi kuonewa huruma hata kabla ya chai.

Dada aliyekuwa akininyoosha viungo hospitalini ndiye aliyetaja upinde. Alisema kuna kikundi kinachokutana kila Jumamosi kulenga shabaha, kwenye shamba la zamani la mzungu upande wa Njoro, na kwamba mkono wangu ulihitaji kazi yenye maana, si kufinyafinya kimpira kila siku. Nilicheka. Kule nilikozaliwa, mtoto wa kiume hukua na upinde wa kuchezea. Tulikuwa tunaviringisha boga bovu mteremkoni na kulipiga mishale likikimbia, mpaka mama zetu waanze kuuliza mbona siku hizi maboga yanaoza upesi hivi. Nilicheka kwa kukumbuka hayo. Kisha nikamkumbuka mke wangu, nikaacha kucheka.

Mke wangu si wa jamii yangu. Tulipooana, wazee wa pande zote mbili walinuna, wakala nyama, wakanyamaza. Mwaka ule mbaya wa uchaguzi, ambao huku kwetu hakuna anayehitaji kutajiwa, alikuwa amekwenda kwa mama yake huko juu kuelekea Molo kula Krismasi. Mimi nilibaki mjini na watoto. Jamii zikageukiana, nyumba zikaanza kuungua mchana kweupe. Walipokuwa wakikimbia kukatiza shamba la viazi, ndugu yake mdogo, kitinda mimba wa kwao, alipigwa mshale ubavuni. Ulirushwa na watu wanaozungumza lugha ya mama yangu.

Walijificha nyuma ya tangi la maji la shule. Kijana akamwambia, "Dada, nitolee hii kitu." Mke wangu akaushika kwa mikono miwili, akauvuta, ukatoka, akautupa mbali. Kijana akasema, "Asante, dada." Gari lilipopatikana na kuwafikisha hospitalini Nakuru, alikuwa ameshakata roho.

Hiyo asante ndiyo blanketi ambalo familia yao imejifunika miaka hii yote. Nimemsikia mke wangu akimweleza mama yake mara nyingi, maneno yale yale: "Mami, angalau hakukufa na hiyo kitu ndani yake. Niliitoa na hizi mikono." Mama yake hutikisa kichwa, hulia kidogo, kisha hutulia na kuomba maji. Mimi wakati huo hutazama viatu vyangu. Baba yangu alipofariki, na upinde wake ulitakiwa uje kwangu kama mwanawe mkubwa, niliuacha kwa ndugu yangu. Nilisema nyumba za mjini ni ndogo. Wazee walinitazama, wala hakuna aliyebishana.

Basi sikumficha. Nilimwambia jikoni, akiwa anakatakata sukuma wiki, kwamba hospitali imenishauri nikajifunze upinde. Kisu kilisimama.

"Ule wa kupiga?" akauliza.

"Wa mchezo. Wa kulenga karatasi."

Alikata fungu lote la sukuma wiki kabla ya kunijibu. "Enda. Mkono ni wako. Lakini hiyo kitu isiingie hapa ndani."

Haijaingia hata leo.

Jumamosi ya kwanza nilifika nikiwa na kiburi cha mtoto wa maboga. Kocha wetu alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, mwenye filimbi shingoni na sauti ya kuamuru ng'ombe. Alitupanga wageni mstarini na kutusomea kanuni. Usimwelekezee mtu upinde hata kwa utani. Usiachie uzi bila mshale. Hakuna anayevuka mstari mpaka wote wamalize kupiga na filimbi ilie, na mishale hufuatwa na wote kwa pamoja. Nilikuwa nikiitikia kichwani tu, haya tuliyajua tangu utoto. Kisha akafika kanuni ya mwisho.

"Mtu akichomwa na mshale, usiutoe. Hata akikulilia, usiutoe. Huo mshale ndio kizibo. Ukiuvuta, damu yote inaufuata. Uzungushie kitambaa, uushikilie usitingishike, mpaka afike hospitali."

Wengine waliitikia, "Sawa kocha." Mimi nilimwona mke wangu nyuma ya lile tangi, mikono yake miwili. Nilirudi nyumbani jioni ile nikala na kunyamaza. Aliniuliza kumekuwaje, nikasema mkono umechoka.

Ningeacha siku ile ile, lakini mchezo wenyewe ulinishika. Ni aibu kusema hivi, ila ndivyo ilivyokuwa. Upinde hushikwa na mkono wa kushoto, ule ule uliogoma, na kazi yake ni kunyooka mbele na kutulia wakati wa kulia unavuta. Mwanzoni wangu ulitetemeka hata mishale ikaanguka kwenye nyasi, karibu na vidole vya miguu yangu. Kocha alinipa upinde laini zaidi, wa watoto, na mimi nikameza mate na kuuchukua. Aliniambia nisivute kwa mkono, nivute kwa mgongo, kama mtu anayetaka mabega yake yasalimiane huko nyuma. Nikagundua mgongo wangu, uliokunjwa na cherehani tangu ujana, ulikuwa bado na nguvu zake umeziweka akiba. Nilianza kusimama wima. Wiki zikapita na mkono ukaanza kusikia. Asubuhi moja nikafunga vifungo vyangu mwenyewe, vyote, hadi kile cha shingoni. Mke wangu alikuja na mikono tayari, akakuta kazi imekwisha. Akasema, "Na sasa mimi nitakuwa nafanya nini hapa?" Kisha akaenda chooni, akakaa huko kwa muda. Alitoka na macho mekundu, nami nikajifanya sikuyaona.

Dukani nikarudi. Kola zikanyooka. Daktari alipima presha yangu, akaikuta imeshuka, akapima tena, akidhani mashine ina makosa.

Lakini faida kubwa ilikuwa ya kichwani, na hiyo sikumwambia mtu. Ukishavuta uzi mpaka ukagusa kidevu, kuna kitambo kidogo ambapo huwezi kuwaza. Unapumua nusu, unashika, unaona kile kiduara cha njano tu. Kodi haipo, kiharusi hakipo, jamii yako haipo. Sijawahi kupata utulivu wa aina ile hata kanisani, Mungu anisamehe. Nilikuwa nalala usiku kama mtoto aliyenyonya akashiba. Na kila nilipoamka nimepumzika, nilimkuta mke wangu kando yangu yuko macho, akitazama paa. Hapo nilijiona mwizi. Kitu kilichomnyang'anya usingizi ndicho kilichokuwa kinaniuguza mimi, na juu ya hayo nilikuwa nimebeba kanuni ambayo ingemmaliza.

Niliapa sitaitamka. Mtu yeyote mwenye akili angeapa hivyo. Ana asante moja tu ya mdogo wake, nani angemwambia kwamba imemgharimu uhai wa huyo huyo?

Kisha Ijumaa moja akasema, "Kesho nitakuja nione."

Nilimtafuta mke wangu wa siku zote katika uso ule, yule ambaye hata akiona mshale kwenye kibao cha barabarani hugeuza macho. Nikamwuliza ana hakika. Akasema mkono umerudi, basi angalau amsalimie mwalimu.

Tulipofika nilimvuta kocha kando, nikamweleza kwa maneno machache. "Leo usisome ile ya mwisho," nilimwambia. Alisikiliza akichezea filimbi. "Sawa, mzee," akasema. "Lakini akitaka kushika upinde, lazima niseme."

"Hawezi kushika."

Mke wangu aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mikaratusi, chupa ya chai mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa kama anayekwenda ibadani. Nilipiga vizuri siku ile, labda kuliko siku zote. Mishale iliingia kwenye marobota ya mabua ya ngano kwa mlio ule mzito, tub, na kila ulipolia niliona mabega yake yakiruka kidogo. Hakuondoka. Filimbi ikalia, tukaenda wote kuichomoa, tukarudi.

Nilipoketi nyasini kando yake, akauliza, "Kwa nini mnaenda wote pamoja?"

"Ili asibaki mtu wa kupiga wengine wakiwa mbele."

"Na mtu akichomwa kwa bahati mbaya? Mnaambiwa mfanye nini?"

Kocha alikuwa hatua chache tu, akikaza uzi wa upinde. Mikono yake ilisimama. Hakugeuka.

"Tunaambiwa tuutoe mbio mbio," nikasema. "Halafu hospitali."

"Kuutoa."

"Eeh. Vile wewe ulifanya."

Mke wangu alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akakijaza mpaka ukingoni, akanipa. Nilikipokea kwa mkono wa kushoto. Alikitazama kikombe kinavyotulia, hata tone lisimwagike.

"Mkono umepona kweli," akasema. "Lakini mdomo bado hujui kudanganya, mzee."

Nilikishika kifuniko kwa mikono miwili, naye akaendelea.

"Daktari aliniambia siku ile ile, pale mlangoni kwa kasualti, wanapopokea majeruhi. Aliuliza ni nani alitoa mshale. Nikasema ni mimi, nikifikiri atanisifu. Akasema, ungeacha, mama. Ungefunga na kitambaa, uushike usitingishike. Angefika." Alisema neno hilo polepole, kama mtu anayeonja dawa. "Angefika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ni watu wenu walirusha, mimi nikamalizia. Ungenitazama aje? Na mami, hiyo angeweza kuibeba? Nikampatia asante. Hiyo ni ukweli, alisema asante." Alifuta macho kwa kiganja. "Ile Jumamosi ya kwanza ulirudi ukanyamaza hivyo, nikajua wamekufundisha. Nikasema, sasa tumekuwa wawili wa kujua. Nikangoja uniambie. Nimengoja, nimengoja. Leo nikasema wacha nije nikuulize mwenyewe."

Na nilipoulizwa, nilikuwa nimemrudisha peke yake kule nyuma ya tangi. Nilitaka kumwambia nilifanya hivyo kwa kumpenda, na ni kweli, lakini ukweli huo haukuwa na kazi yoyote pale. Nililia mbele ya watu, mimi mwenye hasira za karibu, chai ikinimwagikia suruali.

Kocha aliita zamu nyingine. Sikuwa na hamu, lakini mke wangu alinisukuma bega. "Enda upige. Usiniharibie safari." Nikasimama mstarini, nikapiga mmoja tu, nikashindwa kuvuta wa pili. Wengine wakamaliza. Filimbi ikalia, tukaanza kutembea kuelekea shabaha, na nikasikia nyasi zikikanyagwa nyuma yangu. Alikuwa anakuja.

Alisimama mbele ya robota langu. Mshale ulikuwa umezama chini, pembeni, nje kabisa ya duara. Nilinyoosha mkono niuchomoe upesi, asiendelee kuutazama.

"Wacha," akasema.

Akavua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na mimi ninayelala naye nilikuwa sijaziona hivyo kwenye jua. Akakikunja kitambaa, akakizungusha pale mshale ulipoingilia, mara moja, mara mbili, akakikaza kwa uangalifu kama anayeogopa kuumiza. Kisha akaushika kwa mikono yake miwili. Hakuvuta. Aliushikilia tu usitingishike, akitazama upande wa barabara, mahali ambapo gari lingetokea.

Kila mtu uwanjani alikuwa ameshachukua mishale yake. Walirudi nyuma ya mstari wakasimama, hakuna aliyeinua upinde, na kocha hakupuliza filimbi. Nilimsogelea, nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya mikono yake, nikaushikilia mshale pamoja naye.