Skana ya Kibet na Sauti Tatu

Kibet alikuwa mtu wa kuamini redio. Kwao Kericho, redio haikusema mtu amefariki bila kumtaja baba yake, mke wake, watoto wake na hata yule shemeji anayefanya kazi Nakuru. Ukilisikia tangazo saa ya chakula cha mchana, huna haja ya kuuliza ni nani. Kwa hiyo mwaka 2004, aliponunua skana, ile redio ya kunasa mazungumzo ya polisi, kutoka kwa mzungu mmoja wa Annandale, huko Virginia, Marekani, aliyekuwa akiuza vitu vyake uani, aliiweka mezani akaketi kungoja majina. Skana haikumtaja mtu. Ilitaja namba, barabara na maneno ya mkato, tena kwa Kiingereza cha watu wenye haraka.

Ilikuwa redio ndogo ya mkononi, nyeusi, yenye antena ya mpira, waya wa kuchomeka sikioni na vitufe vingi kuliko simu ya ofisini. Kitabu cha maelezo hakikuwepo. Aliyemfundisha ni Fahmi, kijana wa Tanga aliyekuwa akisomea mambo ya umeme katika chuo cha pale Annandale. Fahmi alimwamkia kila walipokutana, na Kibet aliipenda sana hiyo shikamoo, maana kule mjini alikofanya kazi ya kulinda maegesho ya magari, madereva walimpa tiketi bila kumtazama usoni.

"Mzee, hii si redio ya kukaa stesheni moja," Fahmi alimweleza. "Hii yazunguka. Inapita stesheni mia kwa muda mfupi tu. Ikimsikia mtu anasema, inasimama. Akinyamaza, inakwenda zake. Sauti ya kwanza yaweza kuwa polisi wa hapa, ya pili walinzi wa madukani, ya tatu ambulensi ya Maryland. Ukitaka ibaki pahala pamoja, bana hapa palipoandikwa HOLD. Na hiki cha kuzungusha ni cha kuondoa mvumo."

Kibet alitikisa kichwa kama mtu aliye kanisani kwenye mahubiri marefu. Alichokishika ni kile cha kuondoa mvumo. Habari ya kuzunguka iliingia sikio hili ikatokea lile, na kwa miezi minane alisikiliza akidhani ni watu walewale wanaozungumza. Mmoja aliuliza njia, mwenzake akajibu habari za moshi jikoni. Kibet akaamua kwamba Wamarekani wakishika redio huchanganyikiwa vibaya, akawahurumia.

Kisa cha yote hayo ni Jelagat, mkewe. Jelagat alitunza wazee zamu ya usiku katika nyumba moja ya wazee huko Annandale, ilhali yeye na Kibet waliishi Woodbridge. Kila asubuhi alirudi akiendesha gari, macho mekundu kwa usingizi, na akilini mwa Kibet njia yake ilikuwa barabara kuu ya I-95 na malori yake. Alimwogopea sana mkewe. Kumwambia hivyo kulimshinda, sijui kwa nini, maana maneno mengine hayakumshinda hata kidogo. Badala yake akanunua skana, akaona kwamba akiisikiliza barabara atakuwa anamlinda.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa mbili kasoro asubuhi, Kibet alikuwa jikoni akichemsha chai ya kumpokea, waya sikioni. Sauti ikasema Toyota nyeupe imepinduka I-95 kuelekea kusini. Gari lao lilikuwa Toyota nyeupe. Akaacha kukoroga. Sauti ikasema mwanamke, umri kama arobaini, amevaa sare ya nesi. Halafu, kabla maziwa hayajafurika, sauti ikasema hapumui, hana mapigo ya moyo.

Kibet akangoja jina. Jina halikuja. Basi akaliweka mwenyewe.

Alipiga simu ya Jelagat, akasikia ile sauti yake iliyorekodiwa ikimwomba aache ujumbe. Akapiga kazini kwake, wakasema ametoka saa moja na robo. Gari walikuwa nalo moja, na Jelagat ndiye aliyekuwa nalo. Alitaka kumpigia binti yao Abigail chuoni, akabonyeza hadi namba ya mwisho, akakata, kwa sababu hakujua angemwambia nini. Akampigia Mama Nyaguthii, kiongozi wa akina mama kanisani.

"Mama, redio imesema Jelagat ametuacha."

"Redio gani, Baba Abigail?"

"Hii ya polisi."

"Na wamesema jina?"

Kibet alifikiri. "Wamesema kila kitu isipokuwa jina."

Mama Nyaguthii angeweza kuuliza zaidi, lakini Wakenya wa Woodbridge wakisikia msiba hawangoji uthibitisho, wanawasha magari. Nusu saa haikupita viatu vikajaa mlangoni hadi kwenye ngazi. Chai ikaingia kwa chupa kubwa, chapati zikaja zimefunikwa kwa taulo. Wanaume wakasukuma kochi ukutani bila kuambiwa, televisheni ikazimwa, na mtu akaanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Kibet alikaa katikati, waya bado sikioni. Skana ilimwambia kuna mbwa amefunguka na anawasumbua watu bustanini. Akajaribu kuelewa huyo mbwa anahusikaje na Jelagat. Cosmas, mzee wa kanisa, alipiga simu hospitali mbili, akarudi kusema kote hawana mtu wa jina hilo. Badala ya kumtuliza, habari hiyo ilimzidishia kizunguzungu. Kama hawanaye, wamempeleka wapi?

Fahmi naye alifika, akavua viatu, akachutama mbele yake.

"Shikamoo mzee. Pole sana. Lakini nikuulize, uliibana?"

"Nini?"

"HOLD."

Kibet akaitazama skana kana kwamba ndiyo imeulizwa. Fahmi akaichukua, akachomoa waya ili wote wasikie, akabana kitufe. Yule mtu wa mbwa akaendelea na mbwa wake. Akabonyeza tena, skana ikakimbia, akabana. Mwanamke akataja mtaa.

"Huu mtaa uko Takoma Park, Maryland, mzee. Wala si Virginia."

"Kwa hivyo ni watu wawili?"

"Huenda watatu. Mwenye Toyota mmoja, nesi mwengine, asiyepumua mwengine."

"Sasa wangu ni yupi?"

"Sijui, mzee," Fahmi alisema, na alionekana kuumia kweli.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia Jelagat na mkoba wake begani.

Watu wakapigwa na butwaa. Lakini Jelagat hakuwa amemwona mumewe. Aliviona viatu, akaliona kochi limesukumwa ukutani, akamwona Mama Nyaguthii na leso yake kiunoni. Mtu aliye mbali na kwao hahitaji kufafanuliwa mambo hayo.

"Ni mama," akasema, akaketi sakafuni palepale, akaanza kumlilia mama yake kwa Kikalenjin, maana bibi huyo alikuwa mgonjwa tangu Agosti.

Mwishowe Mama Nyaguthii ndiye aliyepiga moyo konde.

"Si mama yako, Jelagat. Ni wewe."

Ilibidi wapige simu Kericho. Mama akapokea mwenyewe, ametoka kukamua, akauliza mbona nyuma kuna watu wengi, kwani kuna harusi. Jelagat akacheka na kulia kwa pamoja. Watu wakala chapati zao, kwa kuwa zilikuwa moto, huku wakimsimulia Jelagat habari ya skana na ile Toyota. Kabla hawajaondoka, Mama Nyaguthii akasema yule asiyepumua ni wa mtu vilevile, akamwombea bila kumtaja jina.

Walipobaki wawili, Kibet alirudisha kochi. Jelagat akaketi mezani.

"Mimi sipiti 95," akasema. "Tangu Machi napitia Ox Road. Lori ilinifinya huko 95 nikaogopa. Nilikuambia hapa hapa kwa kitchen, ukasema mmh."

"Lini?"

"Ulikuwa na hiyo kitu kwa sikio."

"Na leo mbona umechelewa?"

"Kuna kanisa hapo njiani, huwa napark nalala dakika ishirini. Kila Saturday. Leo simu imekwisha chaji, alarm haikulia, nikalala zaidi ya saa moja." Akavua viatu. "Nimechoka, Kibet."

Hakumwita Baba Abigail. Miaka mingi alikuwa hajamwita jina lake. Skana ilikuwa mezani, taa yake ndogo ikiwaka, mtu akitaja namba ya barabara. Kibet aliizima, akavuta kiti karibu naye.

"Anza tena," akasema. "Anzia Machi."