Jemedari Aliyegoma Kukua

Mbwa aliyeoshwa kwa majani ya mpapai hunuka kama mboga iliyoachwa juani. Ndivyo alivyonuka Jemedari wetu mwaka ule sabuni ilipopotea Musoma, na mama, aliyefulia nguo zetu kwa majani hayohayo, akanikabidhi beseni na kuniambia mbwa ni wangu. Baba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa mradi wa maji. Mradi ulipokwisha, Mzungu akaondoka na kumwachia mbwa huyo: mdogo kama paka, chotara wa mbwa wa kizungu na wa mtaani, manyoya yamemfunika macho. Wezi wa ng'ombe walikuwa wakimsumbua bibi kijijini kwake Bunda, na baba alipomtazama mbwa yule aliona mtoto. "Akikua atalinda zizi," alisema, akampa jina la ukubwa alioutarajia.

Tukasubiri wote. Nilimlisha uji na vichwa vya furu, visamaki vya ziwani, nikamchana kwa kitana changu, nikampakata kibarazani pale mtaani kwetu Mwisenge mpaka akakoroma. "Mama Nyangeta, mbwa wa hivi anakulaga nini asikue?" aliuliza jirani yetu, Mama Bhoke, akipita na ndoo kichwani. "Au mnataka aatamie mayai?" Mama alicheka. "Mwache mwenzangu, ipo siku atakung'ata."

Mimi sikucheka. Kwetu mtoto aliyelala harukwi. Ukimruka, hakui tena mpaka umruke kurudi ulikotoka. Nami nilikuwa nimemruka Jemedari asubuhi moja nikiwahi shule. Tangu hapo, kila nilipobaki naye peke yangu, nilimruka huku na huku, hata nikasahau nilianzia upande gani. Yeye aliniangalia tu, mkia ukipigapiga sakafu.

Masika yalipoanza, baba akasema mapaja yangu ndiyo yanayomlemaza. "Mbwa hukomaa nje." Likizo ile tukampeleka kwa bibi. Ningeweza kulia, na mama angenitetea. Lakini niliona pale njia ya kufuta kosa langu: akikomaa, hakuna atakayejua kwamba nilimruka. Kwa hiyo ni mimi niliyemtoa nje kila jioni. Nilifunga komeo, nikasikiliza kucha zake zikikwaruza mbao huku mvua ikipiga bati, nikamwambia kupitia ufa wa mlango, "Kua basi."

Akaanza kukohoa. Asubuhi moja bibi alimpakata ili amnyweshe maziwa, akamfunua mdomo. Kisha akamwita baba.

"Magesa, wewe hununui dume mnadani bila kumtazama meno. Huyu ulimtazama?"

Baba akainama. Mbele ufizi ulikuwa mtupu, na magego machache yaliyobaki yalikuwa ya njano, yamelika hadi chini.

"Ni mzee mwenzangu huyu," bibi alisema. "Mmemlaza kwenye mvua ili akue!"

Baba alivua koti lake la kazi, akamfunika, akatoka bila kuaga. Mimi nilibaki nimesimama, nikijua sasa kwamba kumruka hakukuwa na neno, na kwamba lile komeo ndilo lililokuwa na neno. Jemedari hakumaliza masika. Alifia mapajani kwa bibi, karibu na moto, na hata siku hiyo nilipomgusa alinilamba mkono.

Baadaye biashara zilifunguliwa, maduka yakajaa. Leo nikienda Musoma nakuta makopo ya chakula cha mbwa yamepangwa rafuni, na binti wa jirani anaujua mwezi aliozaliwa mbwa wake. Baba amezeeka. Tukizungumza habari za miaka ile tunasema tulikosa kila kitu, na ni kweli: sukari, vitenge, dawa. Kukosa huko kumetusamehe mambo mengi, ila si hili. Kumfunua mbwa mdomo hakukuhitaji kupanga foleni.